Walivyochoma Mbegu za Susu

Ndengu ikiungua, mimi siwezi kukaa nayo nyumba moja. Watu wanaofanya kazi kwangu hapa Kambu wanajua. Hoteli yangu iko kando ya barabara kuu, madereva wa malori wanashuka, wanakula, wanaenda zao, na kwa miaka yote hii nimesamehe chapati zilizoungua, nimesamehe maharagwe, hata chai yenye moshi nimeinywa nikanyamaza. Lakini ndengu ikishika chini ya sufuria, nabeba sufuria nzima nje na chakula chote kinaenda kwa kuku. Msichana wangu wa jikoni aliwahi kuniuliza, "Kwani mama, ndengu ilikukosea nini?" Nikamwambia akande unga, wateja wanangoja.

Jumapili iliyopita niliiunguza mimi mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kanisani nimewaka, hata viatu nilivivua nikavitupa mlangoni, nikabandika sufuria halafu nikakaa kwenye kiti nikiongea peke yangu. Ile harufu ilipofika puani sikuwa Kambu tena. Nilikuwa mlimani nyuma ya Kyuso, uani kwa Susu, mtoto wa miguu mitupu ameshika sahani. Basi wacha niseme. Nimenyamaza vya kutosha, na ninyi wa rika langu mliolelewa na nyanya zenu hamtahitaji kuelezwa sana.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama ya mama yangu. Mama aliuza nguo sokoni Mukuyuni, mbali kule Makueni, kwenye chumba kimoja kilichojaa marobota, kwa hivyo mimi nililelewa mlimani. Kufika kwetu unaacha soko la Kyuso bondeni, unafuata mchanga wa mto mkavu mpaka uchoke nao, halafu unaanza kupanda mawe. Gari haliji. Hata baiskeli mtu anaibeba begani. Juu kule kulikuwa na boma chache zilizotawanyika mgongoni mwa mlima, mbuzi wengi kuliko watu, na kanisa la udongo ambalo Susu alilifagia kila Jumamosi tangu akiwa msichana. Nataka mlishike hilo la kanisa, maana wageni walipokuja walisema wametuletea Mungu.

Jikoni kwa Susu kulikuwa nyumba ya peke yake, ya mviringo, giza hata mchana, na macho yako yalipozoea giza uliona juu ya mafiga kuna dari ya fito, nyeusi ti kwa masizi. Kwenye dari hiyo vilining'inia vibuyu vyake. Ndani ya vibuyu mlikuwa na mbegu za msimu unaokuja: ndengu, kunde, mtama. Si za kula. Njaa ingekuja ikaketi mlangoni na Susu asingegusa kibuyu. Moshi uliwafukuza wadudu, na ndani mbegu zilichanganywa na jivu lililochekechwa, ukiingiza mkono unatoka mweupe mpaka kwenye kiwiko.

Siku ya kufunga vibuyu ilikuwa siku yangu ya raha. Kazi yangu ilikuwa kuleta mavi mabichi ya ng'ombe, yakiwa bado na joto, nikiyabeba kwa jani. Susu aliziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi la mahindi, akapaka juu mchanganyiko wa mavi na jivu, akaulainisha kwa kidole gumba mpaka usione hata ufa wa sindano. Halafu akafunga alama. Hakuwahi kwenda shule, na vibuyu vikishapata masizi vyote ni sura moja, sasa utajuaje kilicho na nini? Cha kunde alikifunga unyoya wa jogoo. Cha mtama, uzi wa katani. Na cha ndengu, ambacho ndicho kilikuwa roho yake, alikifunga kipande cha kitambaa chekundu. Akimaliza aliweka mikono yote miwili juu ya vibuyu na kusali Baba Yetu kwa Kikamba, taratibu, na mimi nikisubiri pale kwenye "mkate wetu wa kila siku" ili niseme kwa sauti, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyoyajua vizuri.

Baada ya hapo kibuyu hakifunguliwi. Hakifunguliwi na mtoto, hakifunguliwi na mume, wala na mgeni wa heshima namna gani. Kinafunguliwa na mama wa nyumba mwenyewe siku ya kupanda, mawingu yakiwa yameshakaa. Ukikifungua mapema umewaita wadudu, na ukishawaita hawaondoki. Kila mwanamke wa kule mlimani alijua hivyo, na kila jikoni ilikuwa na vibuyu vyake. Lakini ndengu za Susu zilikuwa na sifa yake. Zilikuwa ndogo, hazing'ai kama zile za dukani, lakini mvua ikinyesha kidogo ikakimbia, zenyewe zimeshakaza maganda. Alipewa na mama yake siku aliyoolewa. Nusu ya mlima ule walipanda ndengu zilizotoka kwenye kibuyu cha Susu. Kwetu mbegu haiuzwi kwa jirani. Unapewa, na ukivuna unarudisha konzi kwenye kibuyu kilichokupa, ndiyo mambo yaendelee.

Sasa wageni. Ilikuwa likizo ya Agosti, kila kitu kimekauka, hata mijusi inatembea kwa shida. Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa letu, alitutangazia kwamba watakuja watu wa misheni kutoka Nairobi, kanisa kubwa, na kwamba wakifurahi watatuletea mabati ya kuezekea kanisa. Akina mama walipiga vigelegele. Susu alifagia kanisa mara mbili. Alichinja jogoo wake wa manyoya mekundu, na akachota maji ya wageni usiku ungali haujaisha ili wayakute yametulia mtungini.

Mimi kwenye Sande skuli nilikuwa nimeambiwa kwamba watumishi wa Mungu hushuka kutoka juu. Kwa hivyo nilipanda mwamba nikaangalia mbinguni mpaka shingo ikaniuma. Kumbe hao wanatoka chini! Walikuja wamepanga mstari, wote tishati za kijani kibichi, wanahema, wanashika magoti, mmoja ameketi kwenye jiwe anasema hawezi tena. Nilishangaa sana. Nilimuuliza Susu mbona malaika wamechoka, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Wape maji kwanza, halafu tutajua kama ni malaika."

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Waliimba, wakatufundisha kupiga makofi kwa mtindo wao, wakagawa peremende, unga na nguo. Nilipata sweta yenye picha ya bata. Walikula jogoo wa Susu wakalamba vidole. Lakini hata siku hiyo kulikuwa na maneno ambayo ninapoyakumbuka sasa damu inachemka. Kiongozi wao, kijana mrefu waliyemwita Evanjelisti, alisimama katika kanisa lile lile alilofagia Susu akasema, "Leo Injili imefika mlima huu!" Imefika? Susu alibatizwa kwenye ule mto chini, wakati ulikuwa bado una maji. Lakini Mzee Kilonzo alitafsiri kwa Kikamba bila hata kukohoa, na akina mama wakasema amina kwa sababu mgeni akiongea unaitikia.

Siku ya pili wakaanza kuingia boma kwa boma kuombea nyumba. Walifika kwetu jua likiwa limeshapanda. Susu aliwakaribisha, akapanguza kigoda, akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Karibuni, ombea sisi." Evanjelisti hakuketi. Alitaka kuombea kila nyumba bomani, na akainama akaingia jikoni, wengine nyuma yake, na Mzee Kilonzo, na mimi nikapenya katikati ya miguu yao. Wakasimama pale gizani wakipepesa macho. Macho yalipozoea, msichana mmoja mwenye kamera shingoni akasema, "Yesu wangu!"

Evanjelisti akainua uso. Akaviangalia vibuyu kimoja kimoja. Kitambaa chekundu, unyoya, jivu, mdomo uliozibwa.

"Shosho," akasema, "hizi ni nini?"

Kwanza, Susu si shosho. Shosho ni nyanya kwa Wakikuyu, na Mzee Kilonzo angeweza kumwambia hivyo. Lakini Susu alielewa swali na akajibu vizuri, "Ni mbeu." Mbeu! Hata mtu aliyezaliwa jana anasikia hapo ni mbegu.

"Mbegu?" Alisikia, tena alisikia sawasawa. "Mbegu gani inafungwa kitambaa chekundu, shosho? Mbegu inawekewa manyoya? Fungua tuone."

Susu akatikisa kichwa. Akasema kwa Kikamba kwamba havifunguliwi sasa, mawingu bado, waje wakati wa kupanda watafungua pamoja na hata kupanda pamoja. Alisema kwa tabasamu, kama unavyomwambia mtoto asubiri chakula kiive. Mzee Kilonzo akatafsiri, "Anasema haiwezi kufunguliwa."

Basi. Hapo ndipo ilipoharibika. Evanjelisti akawageukia wenzake akasema, "Mmesikia? Haiwezi kufunguliwa." Na wote wakaanza kuomba kwa sauti, kila mtu maombi yake, mikono juu ya kichwa cha Susu, mikono mabegani, wanamsukuma huku na huku. Kilemba chake kikaanguka. Mimi sikuwahi kumwona Susu kichwa wazi mbele ya wageni. Nilidhani wanamchezesha ngoma ya kanisa ambayo siijui, ndivyo mtoto anavyofikiri, nikaanza kupiga makofi ule mtindo wao mpya.

Susu hakuwa mjinga. Aliinua mkono, wakanyamaza wakidhani pepo anataka kuongea. Akamwangalia Mzee Kilonzo, si wao. Nakumbuka alichosema neno kwa neno, kwa sababu alikisema polepole: "Kilonzo, kitambaa hicho chekundu ni cha kilemba cha akina mama wa kanisa, cha zamani kilichoraruka. Mke wako ana kama hicho. Na wewe, mbeu zako umeziweka wapi?"

Mzee Kilonzo alikuwa na vibuyu. Nilikuwa nimeviona kwa macho yangu, nikicheza na wajukuu wake jikoni kwake. Viwili vilifungwa manyoya. Jameni, mtu anaulizwa swali kama hilo, mbele ya Mungu anayemwimbia kila Jumapili, na jibu liko jikoni kwake linaning'inia! Aliangalia mafiga. Halafu akasema kwa Kikamba, chini chini, "Mama, wacha wafanye wanavyotaka waende. Usituaibishe mbele ya wageni. Mabati, mama." Na kwa Kiswahili akawageukia wale wengine akasema, "Amekubali."

Amekubali! Neno moja. Sijawahi kusikia uongo mfupi kama ule, na mimi nafanya biashara kando ya barabara.

Walivitungua kwa fimbo kwa sababu waliogopa kuvigusa. Wakavibeba nje kwa magunia, wakakusanya kuni za Susu, zile alizozitoa mbali kwa mgongo wake, wakawasha moto katikati ya uwanja aliofagia. Waliimba wimbo wa damu ya Yesu. Majirani wakaanza kuja na kusimama kwenye ua. Kibuyu cha kwanza kikapasuka mlio mkubwa, paa! Watu wa tishati za kijani wakaruka nyuma wakapiga kelele kwamba pepo ametoka. Ni hewa, nyinyi. Chombo kilichozibwa mavi ya ng'ombe ukikitia motoni kitafanya nini?

Na kilipopasuka mbegu zikamwagika. Kila mtu aliona. Ndengu zilitawanyika kwenye makaa, zikarukaruka, zikalia kama mahindi ya kukaanga. Hata kipofu angejua ni ndengu. Nilimwona Evanjelisti akiziona, uso wake ukasimama kidogo. Kama angekuwa mtu angemwaga maji hapo hapo. Badala yake akainua Biblia yake akasema, "Mnaona adui anavyojificha? Hata ndani ya chakula!" Na moto ukaachwa uendelee.

Sasa mimi. Mimi nilinusa ndengu za kuchoma. Nilikuwa mtoto, harufu ilikuwa tamu, bado hazijaungua, na wageni hawa ndio waliokuwa wakigawa vitu tangu jana. Nikajua, aa, leo wanatuchomea ndengu! Susu amekataa kuzifungua muda wote kumbe zilikuwa za sherehe ya wageni. Nikakimbia ndani nikachukua sahani yangu ya bati, ile ya maua ya bluu pembeni, nikaja nikasimama karibu na moto nimeishika kwa mikono miwili, nasubiri nipakuliwe.

Msichana wa kamera akaniona. Akapiga magoti, akanipiga picha, akapangusa machozi. Halafu akatoa peremende mfukoni akaiweka katikati ya sahani. Iligonga bati, ting. Niliiangalia peremende nikaangalia moto, nikamwambia Susu kwa Kikamba kwamba wananipa tamutamu na mimi nataka ndengu. Susu alikuwa anatokwa na machozi. Nilifikiri ni moshi. Nikamwambia ahame upande wa pili, moshi haufiki.

Wageni walishuka mlima siku iliyofuata wakiimba.

Jumapili, Mzee Kilonzo akatangaza kwamba boma la mama Nduku, ndilo jina la Susu, limefunguliwa, tumshukuru Mungu, ila aliyechukua mbegu kutoka kwa nyumba hiyo zamani aje aombewe. Nani angekuja kurudisha konzi baada ya hapo? Susu alikaa mahali pake pa siku zote, benchi la mbele upande wa akina mama, na pande zote mbili za benchi pakawa wazi. Watoto niliocheza nao wakaanza kuniuliza kama usiku Susu anaruka. Nilimpiga mmoja kwa jiwe na bado naona lilimstahili.

Mawingu yakaja, kila mwanamke akafungua vibuyu vyake. Susu alifungua nini? Alitembea hadi Kyuso sokoni, akarudi na ndengu za kula, zile kubwa za kung'aa, kwa sababu ndizo alizopata. Tukazipanda tumechelewa. Ziliota vizuri sana, zikarefuka, zikatoa maua, na mvua ikakata. Maua yakakauka na kudondoka yote.

Na hapa ndipo hasira yangu inapotaka kunitoa roho. Mashamba mengine mlimani yalivuna. Yalivuna ndengu ndogo zisizong'aa. Nani anatupa mbegu nzuri, hata kama ameambiwa ni ya mrogi? Walikuwa bado wanazo kwenye vibuyu vyao, wakazipanda kimya kimya wakanyamaza. Susu alipita kwenye njia ya shamba la jirani yetu Syombua, akasimama, akachuma ganda moja akalifungua kwa kucha. Alizijua ndengu zake kama unavyojua mwandiko wa mtoto wako. Syombua alikuwa pale na jembe. Akaangalia chini. Susu akafunga lile ganda, akaliweka kwenye shina, akaniambia twende. Nilimuuliza kwa nini haombi. Akasema, "Mbeu haiombwi na mtu aliyeitoa."

Tulikula unga wa wageni mpaka ukaisha. Baada ya hapo tulikula mara moja kwa siku, halafu ikawa sivyo kila siku. Mbuzi waliuzwa mmoja mmoja. Mama akapata habari, akaja kutoka Mukuyuni, akaniona mikono yangu ilivyokonda ndani ya sweta ya bata, akapiga nduru, "Woi, Ngai!" Alitaka kutuchukua wote wawili. Susu akakataa, akasema akiondoka watasema ni kweli. Mimi nilibebwa mgongoni nikiwa mkubwa wa kutosha kutembea, kwa sababu sikuwa na nguvu za kushuka yale mawe. Sikuishi naye tena. Nilikuwa wa kumtembelea tu, Krismasi na likizo, na kila nilipoingia jikoni kwake niliinua macho na dari ilikuwa tupu. Hakufunga kibuyu tena maisha yake yote. Mabati yalikuja, kwa taarifa yenu. Tulipomzika tuliimba chini ya mabati hayo, na mvua ikanyesha juu yake tusisikie hata mahubiri. Wanawake walinishika mkono wakaniambia ndengu za nyanya yako bado tunapanda. Nikasema sawa.

Sasa niwaambie nilichokutana nacho Jumapili. Kanisani kwetu hapa Kambu tulikuwa na wageni, vijana safi, wastaarabu, tishati za kijani. Hata hapo sikushtuka, tishati ni tishati. Wakasema wanakusanya michango ya kwenda kufikia vijiji vya milimani huko Kitui ambako watu bado wako gizani. Wakawasha ile mashine ya kuonyesha picha ukutani. Picha ya kwanza, mawe. Ya pili, watu wanaimba. Ya tatu, uwanja, moto, watu wa tishati wamenyoosha mikono, mwanamke mzee kichwa wazi, na mbele kabisa mtoto mwenye sweta ya bata, ameshika sahani ya maua ya bluu.

Kijana wa kipaza sauti akasema, "Wapendwa, mwangalieni huyu mtoto. Hiyo ni siku nyanya yake aliacha uchawi. Mtoto alikuwa na njaa, alikuja na sahani tupu, na wenzetu wakamlisha. Picha hii imegusa watu wengi sana."

Sijui niliinukaje. Pasta wetu alifikiri nimepandwa na Roho, akasema amina, apewe maiki. Nikapewa.

Nikasema, "Mtoto huyo ni mimi. Siku hiyo sikuwa na njaa. Asubuhi nilikuwa nimekula muthokoi wa mahindi na supu ya jogoo iliyobaki kwa wageni. Njaa ilikuja mlipoondoka. Mnachochoma hapo ni mbegu, na huyo mnayemwita mchawi alikuwa akifagia kanisa baba zenu wakiwa hawajaoana."

Kijana alitabasamu lile tabasamu la kumtuliza mtu. Alisema, "Asante kwa ushuhuda, mama. Tunashukuru Mungu ulitoka huko." Nikamwambia sikutoka, nilitolewa. Nikamwambia pia nataka hiyo picha, kwa sababu Susu hakuwahi kupigwa nyingine na sisi nyumbani hatuna hata moja. Akaangalia wenzake. Akasema picha ni mali ya huduma, labda niwaandikie ofisini.

Mali ya huduma! Uso wa Susu!

Nilitembea katikati ya viti mpaka mbele, nikatoa simu yangu, nikaupiga picha ule ukuta. Hakuna aliyenizuia. Nikapiga mara nyingi, halafu nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani kuunguza ndengu.

Jioni, wateja walipopungua, niliketi nyuma ya hoteli nikaikuza ile picha kwa vidole. Miaka yote hii nimekuwa nikimkumbuka Susu akilia kwa moto, kwa mbegu za mama yake, na mimi mjinga nikimwambia ahame moshi. Sasa nikaangalia vizuri. Evanjelisti anaangalia moto. Mzee Kilonzo anaangalia moto. Majirani wote kwenye ua wanaangalia moto. Susu peke yake hauangalii. Amegeuza uso, anaangalia sahani yangu tupu.